Kumi na Tatu Wasiokula

Nilipojifunza kuchora pale Ipogolo, kilichonishinda kwanza ni harufu. Mwalimu wangu, fundi seremala wa misheni aliyetokea Mbeya, alitaka ninakili kutoka kalenda kuukuu picha ya Bwana na wanafunzi wake wakichovya mkate, itundikwe kanisani Alhamisi Kuu. Karatasi ya kunakilia tuliipaka mafuta ya nguruwe ili ipitishe mwanga. Mafuta yenyewe yalikuwa yameoza.

Nikaiweka juu ya picha, nikafuata mistari kwa mkaa, nikailaza ubaoni, mkaa chini, nikasugua kwa kijiko. Kisha wiki tatu za rangi ya milango. Nzi walinasa kwenye ndevu za Bwana. Niliwabandua kwa kucha. Miguu yao ikabaki. Nilitapika mara mbili, au tatu, sikumbuki vizuri.

Mama alikuwa ameshawatangazia kina mama wote wa kanisa kwamba picha ni kazi ya mwanawe.

Siku mbili kabla ya Alhamisi Kuu, mzee wa kanisa akaja kuikagua. Akatoka mlangoni, akatema mate.

"We kijana, hawa wanakula na mkono gani?"

Nikatazama. Wa kushoto. Wote. Mkono wa kuchambia, ndani ya bakuli moja, hata wa Bwana.

"Labda walikuwa mashoto, mzee," fundi akajaribu kunitetea.

"Kumi na tatu? Ukoo mmoja? Hii haipandi ukutani. Nani atapokea mkate akiitazama?"

Kumbe mistari hurudiwa kwanza nyuma ya karatasi, ndipo upande huo unalazwa ubaoni, la sivyo picha inageuka. Fundi alisema aliniambia. Huenda. Nilikuwa nimeziba pua, si masikio, kwa hiyo simlaumu.

Muda wa kuchora upya haukuwepo. Nikakwangua mikono yote kwa kisu, nikachora kitambaa cha meza juu yake, kana kwamba iko chini ya meza. Mzee akaguna, akakubali.

Alhamisi Mama aliitazama picha ibada nzima. Nyumbani akasonga ugali, akauliza:

"Mwanangu, mbona hawali?"

"Wameshiba, Mama."

"Na bakuli limejaa?"

Akasogeza maji, nikanawa, nikanawa tena. Vidole bado vilinuka mafuta yale. Ugali ulikuwa unafuka mvuke mbele yangu, nami nikaiacha mikono mapajani, kama wao.