Damu ya Ukoo wa Mwahija

Mwahija bint Sabiti alikuwa fundi cherehani pale Masumbwe. Kisukari alikifahamu kabla hajajua jina lake. Kilimuua baba yake, kikampofua dada yake Kijakazi. Kwa hiyo mwaka 1985, madaktari walipofika na Landrova wakitafuta koo zenye ugonjwa huo, watu waliwaelekeza moja kwa moja kwake.

Daktari kijana aliyeitwa Ignas alikaa barazani akachora ukoo mzima kwenye karatasi, wazima na marehemu. Asubuhi ya pili waliwataka wote wafike zahanati bila kula. Wakanyweshwa maji ya glukosi, wakatolewa damu.

Tabu, binti wa Mwahija wa miaka kumi na mitatu, hakunyweshwa. Tone la kwanza la damu yake lilimfanya Ignas aweke kalamu chini.

"Mama Tabu, huyu amekuwa akinywa maji sana?"

"Sana. Na anakonda. Nilidhani ni kukua."

Ignas alimweleza kwamba Tabu hataishi bila sindano ya insulini kila siku, na kwamba wao walikuja kuchunguza kama ugonjwa unarithiwa.

"Kwamba unarithiwa mimi nilishajua, mwanangu," Mwahija alisema. "Dawa je?"

Kijana alisema ukweli. Hawakupewa dawa za kugawa. Alimpa chupa tatu alizoomba kwa wenzake, akamfundisha kuchoma, akamwandikia barua ya hospitali ya Shinyanga.

Chupa Mwahija alizifukia kwenye mchanga mbichi ndani ya chungu, zisiharibiwe na joto. Tabu akanenepa kidogo, akarudi shule. Zilipobaki mbili, mumewe Akida alipanda lori la pamba kwenda Shinyanga. Alipewa moja. Safari iliyofuata aliambiwa dawa haijafika nchini, arudi baada ya wiki mbili. Masika yakakata barabara.

Mwahija akaanza kumchoma mtoto nusu ya kipimo, kisha robo. Tabu aliliona bomba lile la sindano.

"Mama, mbona leo kidogo?"

"Ndiyo inayotutosha, mwanangu."

Alijua anadanganya. Hakuwa na la kufanya. Siku ya nne baada ya chupa kukauka, Tabu alipumua kwa nguvu kama aliyekimbia, akazimia, akafia mikononi mwake adhuhuri.

Mwaka uliofuata ilikuja barua kutoka kwa wale madaktari. Akida akaisoma kwa sauti: wanaishukuru familia, damu yao imesaidia sana, inaonekana kweli ugonjwa unapita katika ukoo huo, uchunguzi unaendelea.

Mwahija alikuwa na watoto wengine wawili. Aliacha kukanyaga cherehani.

"Wamesema ni nani anayefuata?"

Akida aliirudia barua toka juu hadi chini, akageuza na upande wa pili.

"Hawakusema."