Diski ya Pili ya Mama Evodia

Mama Evodia wa Hombolo hatupi picha. Jina lake la ubatizo ni Restuta, lakini jaribu kulitaja pale stendi uone kama kuna atakayekuelewa. Miaka kumi na mitatu amepiga picha za pasipoti katika kibanda chenye pazia la bluu, na kila uso uliokaa kwenye kile kistuli umo bado ndani ya kompyuta yake: wanachuo, wakulima wa zabibu, wafugaji kutoka Bahi na fimbo zao, watoto waliolia mpaka makamasi yakawatoka.

Tena si picha moja kwa mtu. Mteja akikaa amekakamaa kama anasubiri sindano, mama humtupia neno: "Baba, hilo shati umeazima kwa nani?" Mtu anacheka, kamera inalia. Ndipo anasema, "Haya, sasa usicheke, hii ndiyo ya serikali." Inachapishwa ya pili. Ile ya kwanza, ya meno nje, haitakiwi kwenye fomu yoyote, kwa hiyo huiweka kwenye folda aliyoipa jina Zilizoharibika, na maisha yanaendelea.

Ndizo zilizoijaza kompyuta mpaka ikakataa picha mpya. Ijumaa asubuhi fundi Mudrick akaja kutoka mjini, diski mpya ikiwa ndani ya begi lake.

"Shikamoo mama. Kabla sijafungua, nikuulize: hizi zilizoharibika tukizifuta, nafasi itakuwa tele. Diski ya pili ya nini?"

"Marahaba. Umekuja kufunga au kufuta?"

"Kufunga, mama."

"Basi funga."

Mudrick akachomoa nyaya, akalaza boksi la kompyuta ubavu, akafungua kifuniko. Loo! Vumbi jekundu lilikuwa limejaa humo, ungedhani kuna mtu analima. Mama Evodia aliona haya kama mtu aliyefunguliwa chumba cha kulala mbele ya wageni. "Na kitambaa naifunika kila jioni, haki ya Mungu!" alijitetea, akakimbilia brashi.

Fundi akaitia diski mpya kwenye nafasi tupu chini ya ile ya zamani, akakaza skrubu nne, akapachika nyaya za umeme na za data za diski zote mbili, maana ile ya zamani alikuwa ameichomoa apate nafasi ya mkono. Alikuwa anarudisha kifuniko Mzee Bartolomayo alipoingia.

Mama Evodia alisimama. Habari alikuwa nazo tangu jana: Ruthu, mke wa mzee huyu, amefariki.

"Mbukwenyi, baba," alimsalimu kwa Kigogo. "Pole sana."

"Asante, mwanangu. Tunazika saa tisa." Alitoa kitambulisho mfukoni, uso wa marehemu umefifia mpaka huwezi kujua ni mwanamke au mwanamume. "Nyumbani hatuna picha ya kuweka mbele ya jeneza, ila hii. Mwaka juzi alipiga hapa, ya fomu ya matibabu. Unayo?"

"Ninayo," alijibu bila kufikiri. "Keti, baba."

Mudrick akawasha. Feni ikazunguka, skrini ikawa nyeusi, ukatokea mstari mmoja wa maneno meupe, basi. Akazima, akawasha tena. Yaleyale.

"Inasemaje?"

"Inasema... haioni pa kuanzia."

Nakala nyingine Mama Evodia hakuwa nayo popote. Na mzee ameketi pale kwenye kistuli, kofia magotini, anangoja bila wasiwasi wowote.

"Mudrick," alinong'ona, "kama umenipotezea watu wangu, mimi na wewe leo hatuachani."

Fundi alifungua tena, akamulika kwa simu, akasugua kwa kidole pale nyaya zinapochomekwa. Namba zikajitokeza chini ya vumbi, moja na mbili.

"Ah! Nimekosea, mama. Vumbi lilificha namba. Diski mpya nimeichomeka mahali pa ile ya zamani, mashine inaanzia kwenye diski tupu."

"Wewe nawe! Geuza basi, unaniangalia nini?"

Akageuza, akawasha. Picha ya bwawa la Hombolo ikajaa kwenye skrini kama siku zote. Mama Evodia alishusha pumzi, akamgonga fundi kichwani kwa brashi, kidogo tu, akaketi kutafuta.

Ruthu alikuwepo, macho mbele, mdomo umefungwa, shingo imekaza.

Mzee alisogea, akatazama. "Ndiye," alisema, kama anamjibu karani.

Mama Evodia hakuipenda sauti ile. Akafungua Zilizoharibika. Ruthu yuleyule, khanga ileile, kichwa kimerudi nyuma, pengo la mbele liko wazi kabisa.

"Hii haikufaa kwenye fomu, baba."

Mzee alitoa sauti, sijui kilio, sijui kicheko. "Ulimwambia nini?"

"Nilimuuliza kama mzee wake anakoroma."

"Akasemaje?"

"Hakujibu. Alicheka hivyo."

Mzee alijifuta macho kwa kofia. "Nakoroma kweli," alisema. "Miaka arobaini na sita alikuwa ananigeuza ubavu. Nipe hiyo. Kubwa."

Picha ilipokuwa inatoka, bado ina joto, Mudrick alikuwa amepiga magoti kando ya boksi la kompyuta, anakaza skrubu za kifuniko. Mzee alipoondoka, fundi aliinua kichwa.

"Mama, folda ile naihamishia diski mpya yote."

"Yote," alisema Mama Evodia, akijifunga khanga ya msibani.

Saa tisa, watu waliofika mbele ya jeneza wakilia walimkuta Ruthu anawacheka.