Mhojiwa Mwenye Draya

"Watoto watatu!" Chaji alipiga kelele mpaka mteja akainamisha kichwa. "Umenipa watoto watatu, mimi ambaye hata paka sijawahi kufuga! Dunia nzima inasoma kwamba nina miaka hamsini, nina watoto watatu, naishi huko sijui wapi. Umenibadilisha kila kitu mpaka mama angenipita njiani asinijue. Halafu draya ukaniachia ileile! Ungepungukiwa nini ukiandika pasi, mdogo wangu? Pasi! Kila nyumba ina pasi!"

Draya yenyewe ilikuwa mkononi mwake, inanguruma. Kila alipotaka kusisitiza neno aliizungusha hewani, na kila ilipozunguka ilimpuliza sikio yule mteja, muuguzi aliyekuwa amekaa kwenye kiti mbele yake, kichwa nusu kimekauka, nusu kinachuruzika.

"Kaka, sikio," alisema muuguzi.

"Samahani, dada."

Mdogo wake Chaji wa kike alikuwa amekaa kwenye benchi la kusubiria, begi mapajani, magoti yamebanana kama mtu aliyeitwa ofisini. Kwao walimwita Profesa tangu yuko darasa la chini, kwa sababu alikuwa akiuliza maswali mpaka wageni wanaaga mapema. Mke wa Chaji, mwenye saluni, alikuwa anaosha vitana kwenye beseni, amewapa mgongo. Lakini mgongo wake ulikuwa unasikiliza.

Chaji si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na wauza simu wenzake, maana ikifika jioni wote wamezima, yeye bado anawaka. Alikuwa promota. Kama hujawahi kukutana na promota, una bahati: ni yule mwenye fulana ya kampuni anayekushika mkono mlangoni mwa duka la simu kabla hujajua kama unataka simu. Duka si lake, simu si zake, hata fulana ni ya kurudisha. Chake ni mdomo tu. Na ule mdomo, jamani! Mtu anakuja kununua vocha, anatoka na simu yenye kamera za kumtosha mpiga picha wa harusi, na njiani bado anashukuru.

Kampuni ilikuwa ya China, na kule makao makuu walikuwa na utaratibu wao. Hawakuhesabu simu iliyolipiwa. Walihesabu simu iliyowashwa. Ukifungua boksi, ukaweka laini, ukawasha, simu inajitangaza yenyewe mpaka kwao: nimeuzwa. Hapohapo na dhamana yake inaanza kutembea. Basi kila mwisho wa mwezi meneja wa eneo alipita madukani na sura kama amemeza wembe. "Tageti ya mauzo haijafika," anasema. "Sitaki kujua mtafanyaje." Na kweli hakutaka kujua. Nusu ya kazi yake ilikuwa hiyo, kutotaka kujua.

Promota wote walifanya mchezo mmoja. Walifungua maboksi ya simu ambazo hazijapata mtu, wakaziwasha zikajitangaza, wakazizima, wakazirudisha ndani zingoje mnunuzi, hata kwa miezi. Tabu ilikuwa stika ya kwenye mfuniko. Ukiibandua hivihivi inachanika, na mteja akiona stika imechanika anakuuliza simu hii imetumiwa na nani. Wengine walijaribu wembe. Wengine walijaribu mvuke wa birika, boksi likavimba kama limeumwa na nyuki. Lakini ni Chaji peke yake aliyekuwa na mke mwenye saluni. Aliazima draya, akaipitisha juu ya stika polepole kama anamkausha bibi harusi, gundi ikalegea, stika ikatoka nzima na ikarudi nzima. Hata aliyeitengeneza asingejua. Ikawa wenzake wanapanga foleni nyuma ya duka na maboksi yao, wanaulizana nani wa mwisho. Meneja aliwahi kuikuta draya mezani.

"Hii ya nini?"

"Ya simu zilizoingia maji, bosi."

Bosi akacheka, akaenda zake. Mke wa bosi alikuwa anatengenezwa nywele palepale saluni kwa mke wa Chaji. Unaona jinsi mji ulivyo mdogo.

Sasa huyu Profesa. Alikuwa anasoma masta ya biashara, anasoma kwa kuungaunga, mpaka alipopata ufadhili. Ufadhili wenyewe ulikuwa wa wanafunzi wanaotaka kuzichunguza kampuni za teknolojia za China: zinatengenezaje, zinauzaje, zinashindanaje. Mwaka wa kwanza unachunguza nyumbani. Ukifanya la maana, mwaka wa pili wanakupeleka hukohuko China, unakaa chuoni, unaingizwa viwandani, unaona simu ikizaliwa. Siku barua ilipokuja, aliyeshangilia kuliko wote alikuwa Chaji. Alimtangaza dukani kama simu mpya. "Mdogo wangu anakwenda kuwachunguza mabosi wetu! Kaeni vizuri!"

Mtu wa kwanza ambaye Profesa alimhoji alikuwa nani kama si kaka yake? Alikuja nyumbani, akaweka simu mezani inarekodi, akasema, "Kaka, nieleze kazi yako." Na Chaji akaeleza. Akaeleza mlango, akaeleza tageti, akaeleza stika. Akaenda ndani akaleta draya, akaonyesha. Wewe fikiria: mtu ambaye maisha yake yote watu wanamkwepa wakiogopa kuuziwa kitu, leo kapata mtu anayetaka aendelee kusema. Angenyamaza kwa nini?

"Jina lako halitatokea," Profesa alimwahidi. "Utakuwa Mhojiwa wa Saba, wasijue nilianza na nani."

"Kama jasusi!" Chaji alifurahi. Kwa muda mrefu akawa akipiga simu kwa mdogo wake anaanza hivyo: "Hapa ni wa Saba."

Na Profesa alitimiza. Alimzeesha, akamhamisha, akamzalisha. Kisha ikaja siku ya wanafunzi kuwasilisha kazi zao. Ukumbi wa chuo, viyoyozi, maji ya chupa mbele ya kila kiti. Walikuwepo watu wa ufadhili, walikuwepo walimu, na kwa kuwa ufadhili ulipenda wasomi na wafanyabiashara wajuane, walialikwa pia watu wa kampuni. Profesa alipofika kwa muuza simu anayefungua stika kwa draya ya mkewe mwenye saluni, ukumbi uliangua kicheko. Watu wa ufadhili walifuta machozi. Meneja wa eneo alikuwa mstari wa nyuma, naye alicheka akapiga paja. Halafu kicheko kikamkatikia mdomoni, kama mtu aliyetafuna jiwe.

Asubuhi yake Chaji alivuliwa fulana. Kosa: kuharibu imani ya wateja. Aliyetaka tageti hakuguswa. Wenzake waliokuwa wakipanga foleni na maboksi waligeukia kabati la vioo, wakawa wanafuta vumbi ambalo halikuwepo. Wala mchezo haukuisha. Walirudi kwenye birika.

Tangu hapo Chaji yuko saluni. Mkewe alimfundisha kuosha na kukausha, na mkono ni mwepesi, kwa stika ulishazoea. Ila mdomo umezima. Wateja waliokuja wakidhani watapata vichekesho wanakaushwa kimya, wanalipa, wanaondoka. Alikuwa hajapandisha sauti mle ndani hata siku moja, mpaka leo, Profesa alipofungua mlango kwa mara ya kwanza tangu fulana ivuliwe.

"Kaka," alisema sasa Profesa kutoka kwenye benchi. "Umemaliza?"

"Sijaanza."

"Nimekuja kwa jambo."

"Najua umekuja kwa jambo. Ungekuja kwa salamu ungekuja zamani."

Profesa alitoa simu yake kwenye begi, akaiweka juu ya meza ya vioo, katikati ya chupa za mafuta. "Wanaamua nani anakwenda mwaka wa pili. Nafasi ni chache. Kazi yangu wameipenda, lakini wanataka iendelee. Wanataka nimfuate mhojiwa yuleyule."

"Yupi?"

"Wewe."

"Afuatwe kwenda wapi? Si niko hapa, nakausha vichwa?"

"Ndiyo hiyo, kaka. Ilikuwaje baada ya hapo. Ulivyoitwa, walivyokwambia, unavyoishi." Sauti yake ilikuwa inapungua kadiri anavyoendelea. "Bila hivyo nafasi wanampa mwingine."

Mke wa Chaji aligeuka, kitana kinadondosha maji sakafuni. "Wifi, nikuelewe. Kwanza mume wangu alikuwa somo kwa kufanya kazi. Sasa amekuwa somo kwa kukosa kazi?"

"Wifi..."

"Akifa je? Mtampa masta?"

Muuguzi kwenye kiti aliguna, akajifanya anakohoa.

Chaji aliizima draya. Sasa lilisikika bomba likidondosha tone kwenye beseni. Akamtazama mdogo wake kupitia kioo, si usoni.

"Nikuulize kitu kimoja, unijibu kama mtu, si kama chuo. Ulipoandika ile draya, ulijua watanijua?"

Profesa alishika kamba ya begi lake, akaiviringisha kidoleni, akaiachia.

"Niliwaza," alisema.

"Uliwaza."

"Niliifuta, kaka. Kweli nilifuta. Nikaandika kifaa cha joto. Mwalimu wangu akasoma akasema, hii imekufa, kifaa gani? Nikarudisha."

"Ungerudisha pasi!"

"Pasi ingekuwa uongo. Huwezi kuingiza uongo kwenye utafiti."

"Na wale watoto watatu? Wako wapi niwapeleke shule?"

"Hao ni wa kuficha mtu. Inaruhusiwa."

"Ahaa." Chaji alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa bei. "Kumbe upo uongo wa ruhusa na uongo wa marufuku. Ule wa kuniokoa ndio marufuku."

Profesa akafuta pua kwa mgongo wa mkono, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Lakini alipofungua mdomo hakulia. "Bila draya ilikuwa karatasi kama za wenzangu wote. Kwa draya wakanikumbuka. Nisikudanganye. Ningekudanganya ungejua, wewe ndiye uliyenifundisha mtu anavyosema akidanganya."

"Basi angalau umekiri."

"Nimekiri. Na siombi kwa ajili yangu tu. Safari hii nataka kuandika meneja alivyojua, alivyokuja akaona, akacheka. Wewe ulibeba peke yako, nataka iandikwe kwamba mzigo haukuwa wako peke yako. Zile simu mlizowasha..."

"Mliwasha nini?" aliuliza muuguzi.

Wote wakamtazama. Walishasahau kwamba chini ya kile kichwa kuna mtu.

"Samahani, nasikiliza ya watu," alisema muuguzi. "Ila hizo simu mlizowasha kabla hazijanunuliwa. Ziliuzwa kama mpya?"

"Zilikuwa mpya," alisema Chaji. "Hazikuguswa. Dakika mbili tu na kuzimwa."

"Na dhamana?"

Chaji akaanza kukunja waya wa draya.

"Nauliza kwa sababu mimi nilinunua kwako," muuguzi aliendelea, bila hasira kabisa, kama anamuuliza mgonjwa panauma wapi. "Hukumbuki, uliuzia watu wengi. Ulinisindikiza mpaka barabarani umenibebea boksi. Kioo kikazima chenyewe. Nikaipeleka kwao, nina risiti, nailoni bado haijatoka kwenye kioo. Yule dada wa kaunta akatazama kompyuta akaniambia, dhamana yako imeisha mama. Nikasema haiwezekani, hesabu. Akasema kompyuta inasema iliwashwa zamani. Mimi nikajiona mjinga. Nikadhani nimehesabu vibaya, na hizi zamu zetu. Kwa kweli nilimwomba yule dada msamaha."

Mke wa Chaji alirudisha kitana kwenye beseni polepole, kisipige kelele. Profesa aliinua macho, akamtazama kaka yake, akainamisha tena. Simu yake ilikuwa bado pale mezani kati ya chupa za mafuta. Kidoti chekundu cha kurekodi kinawaka. Hakuna aliyemwona anakibonyeza, na sasa hakunyoosha mkono kukizima.

"Mimi sidai kitu," alisema muuguzi. "Ile simu nilishampa mtoto anachezea. Ila wewe umemuuliza mdogo wako vizuri sana, na yeye kakujibu. Na mimi nikuulize hivyohivyo, kaka. Wakati unanibebea lile boksi, ulijua?"

Chaji alimaliza kukunja waya. Aliichomeka ncha yake vizuri usifunguke, akaitundika draya kwenye msumari wake, bado ina joto. Akachukua taulo lililokuwa begani, akaliweka juu ya mkono wa kiti.

"Mume wangu," alisema mkewe. "Kichwa cha mtu hakijakauka."

Chaji alisukuma pazia la mlangoni, akatoka. Walimwona kupitia kioo cha mbele akisimama kidogo ukingoni mwa barabara, kama mtu anayengoja magari yapite, ingawa hapakuwa na gari, kisha akashika ule upande usio na maduka ya simu.