Mashudu ya Kiangazi

Baba alikuwa ameitangazia Didia nzima, kijijini kwetu, kwamba binti yake anafundisha watu ambao wameshasoma. Nilipoacha chuo kikuu na utafiti wangu wa kuvu, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba Shinyanga mjini, aliacha kuniongelesha. Iliniuma sana. Mama alisema atapoa baada ya mavuno. Mavuno yalipita, hakupoa.

Maabara yangu ilikuwa stoo ya magunia iliyopakwa chokaa. Nilipima mafuta, na pia mashudu, yale makapi ya mbegu yanayobaki baada ya kukamua, ambayo wafugaji huyagombania kiangazi majani yakiisha. Mwaka huo bati la ghala lilivuja, mashudu yakalowa. Meneja akataka kujua kama yanafaa. Nikamjibu kama nilivyozoea chuoni, ambako nilisifiwa sana kwa jibu hilo: utafiti zaidi unahitajika.

"Ndugu," akasema, "nina foleni getini. Ng'ombe wale au wasile?"

Nilirudi kwenye hadubini. Kuvu iliyoota kwenye mashudu nilikuwa nimeishi nayo miaka, na sumu yake naijua.

"Wasile."

"Basi kawaambie mwenyewe," akasema, akaenda kunywa chai.

Mkokoteni wa kwanza getini ulikuwa wa baba. Mbavu za maksai wake zilionekana zote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akajibu, akimtazama maksai.

Nikawatangazia kwamba mashudu yameingia kuvu, yataua mifugo, hayatolewi. Wakapandwa na hasira.

"Kwa hiyo ng'ombe wale mawe?" mmoja akafoka. "Na huyu mwanamke ametoka wapi?"

Hakuna aliyejua. Baba hakuwa amemwambia mtu kwamba binti yake ameacha chuo na yuko hapa. Wengine walishaanza kusukuma geti, na mlinzi alikuwa ameamua kufunga kamba za viatu vyake. Niliogopa. Wangeingia wakajibebea, na ng'ombe wakafa.

"Ametoka kwangu," baba akasema kwa sauti. "Aliacha kazi ya heshima akafuata uchafu huu. Akisema umeoza, umeoza."

Akageuza mkokoteni mtupu. Hakuniaga. Nyuma yake wengine wakaanza kugeuza, wakinitukana kwa Kisukuma kilichonyooka.

Nilibaki getini nikilia ndani ya koti langu jeupe. Mlinzi akadhani ni matusi yanayoniliza, akanipa pole.