Gari Linalotembea Sebuleni

Juzi, nikiwa kwenye kaunta ya fundi kompyuta pale Mfaranyaki, aliingia mama mmoja ameshika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto.

"Mwanangu, ule mchezo wa gari uliotufungia umekufa. Binti yangu kalazwa Peramiho, mguu umevunjika. Tangu asubuhi ananipigia, gari halitembei."

"Shikamoo mama," fundi akaanza. "Kompyuta ya nyumbani inawaka?"

"Nimeizima, nikachomoa na waya. Mawingu haya, niache kitu kwenye umeme?"

Hapa kwetu ngurumo ya kwanza ikisikika, nyumba nzima inachomolewa. Hata mimi friji nilikuwa nimeshaichomoa.

Fundi akaweka bisibisi chini. "Mama, mchezo wenyewe uko kwenye kompyuta yako. Simu ya binti inapokea picha tu. Akigusa kioo kule wodini, gari linakata kona sebuleni kwako."

Mama akatazama barabara, ambako mvua ilikuwa bado haijaamua.

"Kwa hiyo nikikaa sebuleni nitaliona likitembea?"

"Utaliona."

"Na anayeliendesha ni yeye?"

"Ni yeye, mama."

Ngurumo ikapita mbali, upande wa Peramiho. Wataalamu wa umeme wanisamehe, sikumkumbusha habari ya radi. Alijifunga khanga vizuri, akampungia mkono mwendesha bodaboda.

"Twende haraka, baba. Mtoto kasimama nje tangu asubuhi, nikamfungulie."