Matairi Mapana kwenye Udongo Mweusi

Nilitoka Nyeri kwa baiskeli na ikanichukua siku sita kufika Kitengela. Ningeweza kupita Nairobi na kufika upesi, lakini Nairobi kulikuwa na watu wawili niliowaachia maelezo nusu, na sikutaka kukutana nao. Kwa hiyo nilizunguka. Nyahururu, Gilgil, Naivasha, kisha nikateremka hadi Mai Mahiu na kukata kupitia Suswa, ambako vumbi lilikuwa laini kama saruji na magurudumu yalizama hadi nikapunguza upepo ndipo yakaelea. Kupanda kuelekea Ngong nilisukuma kuliko kuendesha. Gataka nilikuwa na binamu. Alinipa chai, akanipa mahali pa kulala, na kabla sijavua viatu akaniuliza nitaondoka lini.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja wakati huo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na baada ya hapo sikumaliza kitu kingine. Nimekuwa soja wa kulinda lango katika shamba la maua, nimebeba magunia, nimeuza mitumba, na kila mahali nilikaa mpaka watu walipoanza kunizoea, kisha nikapata sababu ya kuondoka.

Baiskeli yangu ilikuwa mountain bike ya mitumba, fremu nzito, matairi yenye meno makubwa. Kwetu Nyeri udongo ni mwekundu. Mvua ikinyesha unakuwa kama sabuni iliyopakwa juu ya jiwe, na tairi lenye meno linauma chini na kukushikilia. Nililelewa kwenye matope hayo. Niliamini kwamba nayajua matope, na ningemcheka mtu yeyote ambaye angeniambia kuna aina nyingine.

Kitengela nilikata mawe kwenye machimbo kwa miezi michache. Hapo ndipo nilipomjua mama wa Kimaasai aliyekuja asubuhi kutuuzia maziwa. Boma lao lilikuwa mbali, mashariki ya barabara ya Namanga, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli. Sote tulimwita yeyo, yaani mama, ingawa hakunizidi kwa miaka mingi. Siku moja aliizunguka baiskeli yangu, akaishika keria, akaitikisa, akauliza kama inaweza kubeba mitungi miwili. Alieleza kwamba kulikuwa na gari la kukusanya maziwa lililosimama kwenye njia panda mpaka saa tatu asubuhi. Wanawake watano wa boma lake walitaka maziwa yao yapande gari hilo. Watu wa bodaboda walikuja wakitaka na kukosa wakitaka.

Nikahamia kwao. Nilipewa chumba cha mabati kando ya zizi la ndama.

Njia ile ilikuwa njia nne kwa kweli. Kwanza kulikuwa na mgongo wa mawe karibu na boma, ambapo tairi laini hupasuka ubavu. Kisha uwanda wa udongo mweusi, mkubwa, tambarare, wenye miiba ya oltepesi, mgunga wa huko, iliyotapakaa kila mahali mbuzi walipopita. Kisha barabara ya malori ya machimbo, kokoto zenye makali na vumbi. Mwisho lami kidogo. Hakuna tairi linalopenda vyote vinne. Mbele niliweka tairi lenye meno, kwa sababu la mbele ndilo linaloamua unakokwenda. Nyuma niliweka lililolika kidogo, lipite wepesi, maana mzigo wenyewe ulikuwa unalikandamiza chini. Ndani ya yote mawili nilitandika tyubu kuukuu niliyoipasua kwa urefu, mwiba ukipenya tairi ukutane na mpira mwingine kabla ya kufika kwenye upepo. Kiangazi kile chote sikupata pancha hata moja nikiwa na maziwa.

Hilo ndilo lililoniharibu. Jioni wakati wa chai niliongea juu ya matairi kama wengine wanavyoongea juu ya ng'ombe. Wanawake walinisikiliza. Waume zao walinisikiliza. Nilipokuwa mbali walinisifu, nami niliambiwa kwamba nimesifiwa. Nilikuwa sijawahi kuwa mtu wa kuulizwa.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, mwenye gari la maziwa alimpigia yeyo simu. Alisema mvua ni kipimo. Boma litakaloshindwa kuleta wakati wa mvua litapoteza nafasi, kwa sababu kuna watu wenye pickup wanaoitaka. Ile nafasi ndiyo iliyolipia sare za shule, dawa za mifugo na kila kitu ambacho wanawake wale hawakutaka kuomba waume zao. Yeyo alichukua mbuzi wake wawili, wake yeye mwenyewe, akawapeleka soko la Kajiado. Aliporudi aliniambia ninunue matairi ya mvua.

Kisha akasema jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote.

"Nunua nyembamba," alisema. "Angalia punda. Mguu yake ni ndogo, inaingia, inatoka. Ng'ombe iko na mguu kubwa, inabaki hapo."

Nilimwambia, "Yeyo, baiskeli si punda."

Wanawake walicheka. Yeye pia alicheka, akaweka mkono mdomoni. Nilikuwa nimemshinda mbele ya watu, juu ya ardhi aliyozaliwa, na nilijisikia vizuri.

Ukweli ni kwamba nilikuwa tayari nimechagua. Jumamosi vijana wa Nairobi walikuwa wakipita kwenye uwanda ule na baiskeli zao za bei ya gari, kofia za rangi, chupa za maji kiunoni. Matairi yao yalikuwa mapana kama mkono wangu ukiutandaza, na meno marefu yaliyoachana. Nilikuwa nimeyatamani tangu nilipoyaona mara ya kwanza. Sikujiuliza kama walipita pia wakati wa mvua.

Fundi aliyeuza vipuri vya mitumba nyuma ya soko la Kitengela alikuwa mtu wa kwetu, mwenye mdomo.

"Usiniambie baiskeli," alisema, "niambie njia. Unaenda wapi nayo?"

"Kwa matope."

"Matope gani?"

"Kwani matope iko na makabila?"

Alicheka mpaka akakohoa. Akanitolea jozi pana kuliko zote alizokuwa nazo. Uma wa baiskeli yangu uliyameza kwa shida. Kati ya tairi na chuma hapakupita kidole. Fundi alipitisha kucha hapo, akaniangalia, nami nikamwambia ni sawa. Baadaye nilimlaumu huyo fundi kwa watu wengi.

Niliporudi bomani, mke mdogo wa jirani alisimama akiwa na ndoo kichwani na kuuliza kama hiyo ni baiskeli ama nimewaletea trekta. Yeyo aliyabonyeza matairi kwa kidole gumba.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha jioni nzima. Asubuhi nilishuka mgongo wa mawe vizuri sana, matairi yakishika kila jiwe, na nikaimba. Niliingia kwenye uwanda. Hatua kama mia hivi. Udongo mweusi haukunitelezesha kama wa kwetu. Ulipanda. Ulijishika kwenye meno, ukachukua nyasi, ukaongeza udongo mwingine juu ya nyasi, kila mzunguko tabaka jipya, mpaka nafasi ile ndogo chini ya uma ikajaa na gurudumu likasimama kabisa. Nilishuka, nikakwangua kwa kijiti. Nikaenda hatua thelathini. Likasimama tena. Nilijaribu kusukuma, likaburuta kama mbuzi anayekataa. Nilijaribu kuibeba, lakini mitungi miwili na baiskeli na tope lile havibebeki na mtu mmoja.

Tairi jembamba lingeuacha udongo uanguke. Nililielewa hilo nikiwa nimepiga magoti, kabla jua halijapanda. Sikuhitaji siku mbili zaidi kulielewa.

Nilifika njia panda karibu saa tano. Gari lilikuwa limeondoka. Nilirudi na maziwa yaliyoanza kukatika, na wanawake watano wakaja kuchukua kila mmoja sehemu yake. Waliniuliza nini kilitokea.

Nilisema pancha.

Lilikuwa neno jepesi. Pancha haina mwenyewe, mwiba ni mwiba. Wakanipa pole. Mmoja akaniletea maji ya moto ya kunawa miguu. Maziwa wakawapa ndama na watoto.

Siku ya pili niliondoka mapema zaidi, nikijidanganya kwamba ni suala la muda. Nilifika saa nne na nusu. Nilipowarudishia maziwa yao nilisema nilifika mapema lakini dereva aliamua kutonisubiri, kwamba ana dharau, kwamba hapendi watu wa boma hili. Hilo walilielewa haraka. Watu wengi wamewadharau. Mume wa mmoja wao alisema atampigia simu amwambie maneno, nami nikamwomba asimpigie, tusiharibu uhusiano. Niliwaona wakiniangalia kama mtu mwenye busara. Chai ya jioni ile sikuimaliza.

Siku ya tatu nilikuwa nusu ya uwanda, baiskeli imepinduliwa, mitungi kwenye nyasi, nikichimba tope kwa kijiti na vidole, niliposikia kengele ya punda nyuma yangu. Yeyo alikuwa anakuja na punda wawili wa maji. Juu ya mmoja kulikuwa na mtungi mdogo, maziwa ya jioni. Alikuwa ameamua kwenda mwenyewe akazungumze na huyo dereva mwenye dharau, amsalimie vizuri, ampe maziwa yale kama zawadi, amwombe atuvumilie. Punda walitembea kwenye matope yale yale. Kwato zao ziliingia, zikatoka, bila haraka.

Alisimama. Aliliangalia gurudumu lililokuwa donge moja, nyasi zikichomoza pande zote. Aliniangalia mikono.

"Hii ndiyo pancha?" aliuliza.

Alishika mitungi yangu mmoja mmoja, akaifunga kwa kamba juu ya punda wa pili, akakaza, akajaribu kwa mkono kama inacheza. Hakuniomba nimsaidie na sikuthubutu. Kisha akaondoka nao. Niliwatazama mpaka wakawa wadogo, pundamilia wakiinua vichwa kuwapisha, na nikaendelea kukwangua kwa sababu sikujua kazi nyingine ya kufanya.

Alifika njia panda kabla ya saa tatu. Gari lilikuwepo. Dereva alimsalimia kwa heshima zote. Alimweleza kwamba siku ya kwanza alisubiri kupita saa yake, siku ya pili akasubiri tena, na jioni hiyo ofisi ikampa nafasi mwenye pickup kutoka upande wa machimbo. Mitungi ya huyo tayari ilikuwa ndani. Alisema angejua kuna punda, angewaambia ofisi wangoje.

Nilikuwa bomani aliporudi. Nilitegemea kelele. Ningezifurahia. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu vilivyojaa tope, akanywa maji kwanza.

"Tairi ni tairi tu," alisema. "Mimi pia ningekosea. Lakini ungesema ile siku ya kwanza, punda ingeenda ile siku ya pili."

Hakuna aliyenifukuza. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, na najua si uchungu wa haki. Wiki zile zilizofuata wanawake walibeba maziwa kwa punda hadi Kitengela na kuyauza wenyewe kando ya barabara, kwenye chupa za soda, wakikimbizana na askari wa kaunti. Mimi niliachiwa kuchota maji. Sahani yangu ilijaa kama zamani. Watoto walinisalimia kwa kuinamisha vichwa kama zamani. Lakini nikisema mvua itanyesha, mtu alitoka nje kuangalia mbingu. Nikisema zizi limefungwa, mtu alienda kulitikisa. Walifanya hivyo kwa upole, bila kunitazama, na hakuna siku waliyosahau.

Ningependa kusema niliondoka kwa aibu. Niliondoka kwa hasira. Niliwakasirikia kwa kunivumilia, nikamkasirikia yule mama kwa kuwa na sentensi moja tu, fupi hivyo, isiyo na mahali pa kuibishia.

Asubuhi ya mwisho wanawake wote walikuwa wamekwenda na punda. Niliyavua yale matairi mapana, nikayaosha mpaka meno yakaonekana, nikayatundika kwenye nguzo ya zizi. Yalikuwa yao, yamelipwa kwa mbuzi wawili. Hakukuwa na baiskeli nyingine pale ya kuyavaa. Nilirudisha yangu ya zamani, nikafunga nguo kwenye keria, nikamwambia mzee aliyekuwa akiota jua kwamba naenda kutafuta tyubu. Udongo ulikuwa umekauka na kupasuka. Njia ilikuwa nzuri kuliko wakati wowote.

Kwenye lami, Kitengela ni kulia. Walikuwa huko wakiuza. Nilikata kushoto.

Nilikuwa nimefika Kajiado, nimekaa nje ya kibanda cha chapati, simu ilipolia. Alikuwa yeyo. Nyuma yake nilisikia malori na mwanamke mwingine akiita wateja. Aliuliza kama tyubu imepatikana, na kama wanibakizie chai.

Nilimwambia ndiyo, wanibakizie. Nikamwambia nitachelewa kidogo tu.