Fortunata Aomba kwa Adabu

Fortunata alilelewa Mpui na bibi yake, Adela, ambaye hakuwa na mzaha kwenye suala la adabu: ukikaribishwa kwa watu, unachukua kipande kimoja cha nyama, unashukuru. Tabia hiyo ilimfuata mpaka Izia, mjini Sumbawanga, ambako sasa anatunza tovuti ya kutafutia taarifa za wakulima.

Faharasa zake, zile zinazoiwezesha tovuti kupata kitu haraka, zinakaa kwenye kompyuta za kukodi huko mbali. Asubuhi moja alizitumia ombi aletewe majina ya faharasa hizo. Penye idadi akaandika tatu, maana kompyuta si zake, na cha mtu ni cha mtu. Yakaja maharage, mahindi na ng'ombe. Ulezi, aliokuwa akiutafuta, hakuna.

Akakasirika, akaanza kuiunda upya faharasa ya ulezi. Kompyuta ikakataa: jina hilo lipo tayari.

"Kama lipo, mbona hunipi?" akaifokea, hadi Timoth, mwenzake wa kazi, akasogea kutazama.

Timoth akamwonyesha chini kabisa ya jibu, mstari ambao Fortunata hakuwahi kuusoma: yapo mengine, omba ukurasa unaofuata.

"Umeomba matatu, umepewa matatu," Timoth akasema.

Fortunata akafuta tatu, akaandika mia. Yakaja yote, ulezi ukiwemo.

Jumapili akaenda Mpui. Bibi alimpakulia ugali na kipande kimoja, kama kawaida. Fortunata akashukuru, kisha akauliza taratibu, "Bibi, chunguni kuna nyingine?"

Bibi Adela akacheka mpaka akashika ubavu. "Ipo siku zote. Nilikufundisha adabu ya kwa watu, mjukuu wangu. Hapa ni kwenu."